Chimba Kabla ya Mvua

SOMO LA WIKI

Andiko la msingi: 2 Wafalme 3:4–27
Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 41:28–36, Kutoka 12:8–11, Yakobo 2:14–17, Yohana 7:37–39
Lengo la somo: Kila mmoja wetu amalize somo hili akijua handaki moja ambalo Bwana anamtaka achimbe wiki hii.



Kabla sijafungua Neno, acha niungame jambo moja mbele yenu.

Kuna kijana katika kanisa letu, fundi wa stima. Jina lake silitaji, lakini ameniruhusu niandike haya. Alimaliza masomo yake ya ufundi miaka miwili iliyopita. Kesha la Ijumaa hakosi. Kila tulipowaita mbele watu wenye mahitaji ya kazi, alikuja. Nimemwekea mikono mara ambazo siwezi kuzihesabu, na kila mara nilimwambia neno lile lile: "Amini tu, ndugu yangu, mlango unafunguka."

Na kweli mlango ulifunguka. Siku ya Jumanne alipigiwa simu na mwanakandarasi mmoja aliyekuwa akijenga nyumba za ghorofa. Walitaka fundi mwenye karatasi zake, aanze kazi Jumatatu. Alete cheti Alhamisi. Shida ni kwamba cheti chake kilikuwa bado kimelala kwenye ofisi ya chuo, kwa sababu ya salio la karo la shilingi 18,400. Kijana alizunguka kwa wajomba na shangazi siku mbili. Alhamisi ikapita. Mtu mwingine akachukuliwa.

Ijumaa alikuja kuniona kabla ya kesha. Hakulia. Aliketi kwenye kile kiti cha plastiki ofisini, akaniambia, "Pasta, Mungu alijibu. Ni mimi sikuwa tayari. Lakini acha nikuulize. Miaka hii miwili umeniombea, mbona hukuwahi kuniuliza kama niko na cheti?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mimi nimesomea biashara. Darasani nilifundishwa kwamba nafasi haimngoji mtu aende kutafuta stakabadhi. Naijua hiyo vizuri. Lakini nikishika kipaza sauti, nilikuwa naiacha nje ya mlango wa kanisa, kana kwamba imani na matayarisho ni vitu viwili visivyosalimiana. Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia, na Roho Mtakatifu akanipeleka kwa Elisha, katika lile bonde kavu.

WAFALME WATATU NA MITUNGI MITUPU

Hadithi inaanza na hesabu za pesa. Mesha, mfalme wa Moabu, alikuwa mfugaji mkubwa. Kila mara alitakiwa kumlipa mfalme wa Israeli wana-kondoo 100,000, pamoja na sufu ya kondoo dume 100,000 (mstari wa 4). Mfalme Ahabu alipokufa, Mesha akasema basi, silipi tena. Hayo mapato yakakatika mara moja. Yehoramu mwana wa Ahabu akaona hazina inapwaya, akakusanya jeshi.

Mesha huyu si mtu wa kubuniwa. Mwaka wa 1868, huko Dhiban katika nchi ambayo leo ni Yordani, palionekana jiwe jeusi lenye maandishi ambayo Mesha mwenyewe aliagiza yachongwe. Leo jiwe hilo liko katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Ndani yake anamtaja Omri, babu yake Yehoramu, kuwa mfalme wa Israeli aliyeitesa Moabu kwa muda mrefu. Kuna jambo lingine ameliandika hapo ambalo nitalirudia baadaye, kwa hiyo lishike hilo jiwe kwenye kumbukumbu yako.

Yehoramu akamwita Yehoshafati, mfalme wa Yuda, na mfalme wa Edomu akaungana nao. Badala ya kuivamia Moabu kutoka kaskazini, walichagua njia ya jangwa la Edomu, yaani kuizunguka Bahari ya Chumvi upande wa kusini. Walitembea siku saba. Na siku ya saba maji yakaisha. Hakukuwa na maji ya jeshi wala ya wanyama waliowafuata.

Hebu piga picha. Wafalme watatu. Mataji matatu, majeshi matatu, bendera tatu. Mitungi yote mitupu.

1. WALIPANGA BILA KUMUULIZA MUNGU

Soma mstari wa 6 hadi wa 8 polepole. Yehoramu anahesabu watu. Anatuma ujumbe. Anachagua njia. Kila kitu cha mpango kipo pale, isipokuwa maombi. Hatuoni popote akimuuliza Bwana. Lakini shida ilipofika, jina la Bwana likawa la kwanza mdomoni mwake. Alilia kwamba Bwana amewaita wafalme watatu ili awatie mkononi mwa Moabu (mstari wa 10).

Ati Bwana amewaita! Ni lini? Si ni yeye Yehoramu aliyewaita?

Na sisi tuko hivyo. Mtu anachukua mkopo bila kuomba, anafungua duka bila kuomba, anaingia kwenye ndoa bila kuomba. Mambo yakikauka anasema, "Mungu mbona umenileta huku?" Kuna wale wanaomba bila kupanga, kama nilivyomfundisha yule kijana. Na kuna wale wanapanga bila kuomba, kama Yehoramu. Wote wawili hukutana kwenye bonde moja, wakiwa na kiu ile ile.

Asante Mungu kwa Yehoshafati. Yeye aliuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza, si siku ya saba: hakuna nabii wa Bwana hapa? Na angalia ni nani aliyejibu. Hakuwa jemadari. Ni mtumishi mmoja tu wa mfalme wa Israeli, ambaye hata jina lake hatukupewa. Yeye ndiye aliyejua kwamba Elisha yuko hapo, yule aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi (mstari wa 11). Mpendwa, usiidharau kazi yako ya chini. Siku wakubwa wanapokwama, yule mhudumu asiyejulikana huenda ndiye anayejua nabii yuko wapi.

2. DALILI YA MVUA NI MAWINGU, LAKINI HAPA HAPAKUWA NA WINGU

Elisha hakufurahi kumwona Yehoramu. Alimwambia aende kwa manabii wa baba yake na wa mama yake. Ni kwa ajili ya Yehoshafati tu alikubali kusikiliza. Kisha akaomba aletewe mpiga kinanda, na yule alipopiga, mkono wa Bwana ukawa juu ya Elisha. Hata nabii alikuwa na namna ya kujiweka tayari ili asikie. Hakukurupuka kutoa unabii akiwa bado na maneno makali mdomoni.

Sasa sikiliza neno lililotoka. Bonde lijazwe mahandaki. Hawataona upepo, hawataona mvua, lakini bonde litajaa maji, wanywe wao na wanyama wao (mstari wa 16–17).

Waswahili walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima akiona wingu zito upande wa mlima anatoa jembe. Hiyo ni hekima, wala siipingi. Lakini katika bonde hili Mungu aliwaambia mapema kwamba dalili hawatapewa. Hakuna upepo, hakuna wingu, hakuna ngurumo. Kuna Neno tu na jembe.

Watu wa Turkana, Marsabit na Isiolo wataielewa hii haraka kuliko sisi wa mjini. Huko kuna laga, ule mto wa mchanga mtupu ambao mwaka mwingi unaupita kwa miguu. Jua linawaka, anga ni safi, kumbe huko mbali kwenye milima mvua ilinyesha usiku. Ghafla maji yanashuka, na aliyekuwa ameegesha gari ndani ya laga hana wa kumlaumu. Ndivyo mabonde makavu ya Edomu na Moabu yalivyo hata leo. Maji hutoka mahali ambapo wewe huoni. Ndiyo maana mstari wa 20 unasema yalikuja kwa njia ya Edomu.

Kwa hiyo mvua yako inaweza kuwa inanyesha sasa hivi, mahali ambapo macho yako hayafiki. Mtu anakutaja jina katika ofisi ambayo hujawahi kuingia. Daktari anasoma matokeo yako. Mtoto wako aliyepotea mjini anaanza kuichoka ile njia. Wewe huoni upepo. Swali ni kama bonde lako lina mahandaki.

3. HANDAKI HALILETI MAJI

Hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu kuna msemo ambao watu wengi hudhani ni Biblia: Mungu humsaidia anayejisaidia. Mpendwa, tafuta kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, hautaupata. Na katika bonde hili, wale wanaume wangeweza kuchimba mwezi mzima na wasione tone. Hawakuchimba visima. Hawakuwa wakitafuta maji chini ya ardhi. Walichimba mitaro ya kupokea kitu ambacho hawana uwezo wa kukileta.

Wanaojua Kiebrania hutuambia kwamba mstari wa 16 unaweza kusomwa kwa njia mbili. Katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea umewekwa kama amri: chimbeni. Tafsiri nyingine zinauweka kama ahadi, kwamba Bwana mwenyewe ndiye atakayelijaza bonde kwa vidimbwi. Mimi hilo halinisumbui, linanijenga. Ukisoma kama amri, unakumbuka jembe lako. Ukisoma kama ahadi, unakumbuka kwamba hata handaki ni neema. Kwa vyovyote vile, maji ni ya Bwana.

Basi handaki lina kazi gani? Kazi yake ni kuyashika maji yasipite.

Ndugu zetu wa Ukambani wana mabwawa ya mchanga. Watu huungana wakati wa kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu, wakabeba mawe na saruji, wakajenga ukuta juu ya mwamba kuukata ule mto. Mgeni akipita anashangaa: hawa wanazuia nini, na maji hayapo? Mvua ikinyesha huko juu, mto unashuka na mchanga wake, ukuta unaushika, na maji yanajificha ndani ya mchanga hata miezi mingi baada ya mvua kuisha. Akina mama wanachimba kidogo na kuteka. Ukuta haukuleta mvua. Lakini mto usio na ukuta, maji yake yanaondoka yakielekea Bahari ya Hindi, na wiki inayofuata watu wanalia kiu kando ya mto ule ule uliokuwa umefurika.

Ndiyo maana tunaweza kuwa na kanisa lililojaa unabii na lisilo na ushuhuda. Maji yalikuja, tena si mara moja. Yalipita.

Yusufu aliielewa hii. Mungu alipomwonyesha Farao miaka saba ya shibe na saba ya njaa, Yusufu hakusema "tuamini tu." Alisema itengwe sehemu moja ya tano ya mavuno katika ile miaka ya shibe (Mwanzo 41:34). Hiyo ni asilimia 20, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka saba, maghala yakijengwa wakati kila mtu ameshiba na hakuna anayeona haja. Ndoto ilitoka kwa Mungu. Ghala lilijengwa na watu. Na usiku wa Pasaka, Israeli walikula wakiwa wamevaa viatu, viuno vimefungwa na fimbo mkononi, ilhali Farao alikuwa bado hajasema nendeni (Kutoka 12:11). Walivaa viatu vya safari ndani ya nyumba ya utumwa. Hiyo ndiyo imani.

4. NI NANI ALIYECHIMBA?

Wacha nikuulize swali. Unafikiri wafalme wale watatu walishika jembe?

Biblia haisemi. Lakini bonde zima haliwezi kuchimbwa na mtu mmoja, wala na watu watatu. Ilibidi jeshi liiname: watu wa Israeli, watu wa Yuda na watu wa Edomu, waliotembea siku saba, midomo imekauka. Na kwa kuwa maji yalikuja asubuhi, inaonekana walichimba jioni ile na usiku. Ujue kuchimba hukufanya uwe na kiu zaidi. Mtu aliyeketi kivulini akisubiri alikuwa na nafuu usiku ule kuliko mtu aliyetii. Kwa muda mfupi utii unaweza kukuchosha kuliko kutotii. Lazima tuwaambie watu ukweli huo.

Na hapa ndipo lile swali la kijana wangu lilinichoma. "Mbona hukuwahi kuniuliza?" Maana handaki lake halikuwa lake peke yake. Mimi nilikuwa na mdomo wa kuuliza. Kanisa lilikuwa na watu wenye uwezo. Shilingi 18,400 kwa kijana asiye na kazi ni mlima. Kwa ushirika wa wanaume wenye watu arobaini, haifiki shilingi 500 kwa kila mtu. Yakobo anauliza inafaa nini kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, bila kumpa kitu (Yakobo 2:15–16). Mimi nilikuwa nikimwambia hivyo hivyo, tena kwa lugha mpya.

Sasa nirudi kwa lile jiwe la Mesha. Katika maandishi yake anajivunia kwamba sehemu moja ya mji wake haikuwa na birika la maji, naye akawaagiza watu wote kila mmoja ajichimbie birika nyumbani mwake. Unaona? Mfalme aliyemwabudu Kemoshi alijua kuwaambia watu wake wachimbe. Je, sisi tunaomwabudu Mungu aliye hai tunaona haya kumuuliza ndugu yetu, "Birika lako liko wapi, na nikusaidie kuchimba?"

5. MAJI YALIKUJA SAA YA SADAKA

Mstari wa 20 umetuwekea saa. Ilikuwa asubuhi, wakati wa kutoa sadaka. Sheria iliagiza mwana-kondoo mmoja atolewe kila asubuhi na mwingine kila jioni (Kutoka 29:38–39). Jeshi lilikuwa mbali na madhabahu, nyikani, lakini Mungu alichagua saa ya madhabahu kuleta maji. Kana kwamba anawaambia: msifikiri ni mahandaki yenu.

Kwa hiyo, mpendwa, usiache kesha kwa sababu umeanza kuandaa karatasi zako. Sijaandika somo hili ili upunguze maombi. Jembe lisilo na madhabahu litakuchosha, na siku moja utajisifu. Chimba usiku, na asubuhi uwe mahali pa ibada.

Na kuna maji makubwa kuliko ya lile bonde. Yesu alisema juu ya mito ya maji yaliyo hai ndani ya amwaminiye, na Yohana anatueleza kwamba alimaanisha Roho (Yohana 7:38–39). Mtu anataka kujazwa Roho, lakini moyo umejaa kinyongo cha mwaka juzi. Hakuna nafasi. Kusamehe ni kuchimba. Kutubu ni kuchimba. Kuzima simu nusu saa na kufungua Neno ni kuchimba.

6. TAHADHARI YA MWISHO WA SURA

Wahubiri wengi, na mimi nikiwemo, huishia mstari wa 20 kwa sababu hapo watu wanapiga vigelegele. Lakini sura inaendelea. Wamoabu waliona maji yamekuwa mekundu katika jua la asubuhi, wakadhani ni damu, wakakimbilia nyara na kushindwa. Miji ikabomolewa, chemchemi zikazibwa. Mwishoni Mesha alipozidiwa alimtoa mwanawe mzaliwa wa kwanza awe sadaka juu ya ukuta, ghadhabu kuu ikawa juu ya Israeli, nao wakaondoka wakarudi kwao.

Ni mwisho mgumu na wa kuhuzunisha. Yehoramu alikunywa maji ya muujiza, lakini hatusomi kwamba aligeuka. Alimtafuta Mungu kwa ajili ya maji, hakumtafuta kwa ajili ya Mungu. Unaweza kupata kazi, nyumba na gari, halafu ukarudi nyumbani vile vile ulivyotoka. Mstari wa 18 unasema lile jambo la maji lilikuwa dogo machoni pa Bwana. Kama maji ni dogo, basi kubwa ni lipi? Kubwa ni wewe uwe wake, na akija akukute tayari.

HANDAKI LAKO LIKO WAPI?

Tuwe wazi wiki hii. Kila mtu achukue kalamu.

Wewe unayetafuta kazi: Kitambulisho kipo? Vyeti viko mkononi au viko kwenye ofisi ya chuo? Kama kuna salio, ni shilingi ngapi? Andika hiyo namba. Mtu anaogopa namba asiyoijua kuliko ile anayoijua. Kisha mwambie kiongozi wa ushirika wako. Usione haya.

Wewe mfanyabiashara: Umeomba Mungu akupe wateja wakubwa. Je, unaandika mauzo ya kila siku? Pesa za duka na za nyumbani ziko kwenye simu moja? Mteja mkubwa akikuuliza risiti na hesabu za miezi sita, utampa nini? Daftari la shilingi 100 linaweza kuwa handaki.

Ninyi wenye ndoa: Mmeombea amani. Ni lini mliketi wawili, bila televisheni, mkasikilizana? Andaeni saa moja.

Mzazi: Unaombea mtoto arudi kwa Bwana. Siku akirudi, atakuta mlango au atakuta hotuba?

Wewe mwenye wito: Unaomba madhabahu kubwa. Darasa la watoto lina uhaba wa walimu Jumapili hii. Anzia hapo.

Wewe ambaye hujaokoka: Hili ndilo handaki la kwanza. Yesu anarudi, wala hakuahidi kutanguliza wingu lako la kukuonya. Wale wanawali watano hawakukosa kwa kutompenda bwana arusi. Walikosa mafuta (Mathayo 25:1–13). Fanya amani na Mungu leo.

Nimalize na kijana wetu. Ile kazi hakuipata, na sitawadanganya kwamba ilirudi. Ushirika wa wanaume ulichanga, cheti kikatoka ndani ya mwezi mmoja. Sasa anafanya vibarua vya kuweka nyaya kwenye nyumba za watu, na cheti chake kiko kwenye bahasha ya plastiki ndani ya mkoba. Bado tunaomba. Juzi nilimuuliza anaendeleaje, akaniambia, "Pasta, sijaona upepo. Lakini nimechimba."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kati ya Yehoramu aliyepanga bila kuomba, na yule anayeomba bila kupanga, wewe unaegemea wapi? Toa mfano mmoja.
2. Kwa nini unafikiri Mungu aliwaambia mapema kwamba hawataona upepo wala mvua?
3. Je, kuna maji yaliyowahi kupita maishani mwako kwa sababu hakukuwa na handaki? Ulijifunza nini?
4. Kila mshiriki ataje handaki moja. Wengine wamuulize: tukusaidie wapi? Katibu aandike, na wiki ijayo mwanze kikao kwa kuulizana.

MAOMBI

Baba katika jina la Yesu, tusamehe pale tulipokuita baada ya siku saba. Tusamehe sisi wachungaji tuliowaombea watu wako bila kuwauliza hali zao. Tupe sikio la kusikia neno lako hata pasipo dalili. Tia nguvu mikono iliyochoka. Uwapelekee wanaochimba peke yao ndugu wa kushika nao jembe. Na asubuhi yako itakapofika, Bwana, maji yako yasipite. Utukute tumechimba, utukute tukiabudu. Amina.

Ni mimi mtumishi mwenzenu, mchungaji msaidizi. Tukutane Jumapili, na uje na ile karatasi yako.